Mlima si wa Wababi

Wasee wa Umoja, Kayole na Dandora, asubuhi bila mawingu ukianika nguo juu ya ploti unaona Kilimambogo pale. Bado mtu anakuambia kupanda milima ni mambo ya wababi wa Westlands. Nani alisema? Wale wa kuuza safari za wikendi, na picha zao za buti za bei ya kodi ya nyumba.

Zii. Ngong ni matatu ya 111 kutoka tao. Lamwia, kilele chake, ni mita 2,460 na hakuna kamba unahitaji. Longonot ni mita 2,776, ukifika ukingo wa kreta na bado una nguvu, izunguke, kilomita 7 hivi. Raba za Gikosh zenye soli haijaisha zinatosha. Beba maji mengi, sweta na koti la mvua, na hapo kwa sweta sicheki: Elephant Hill kule Nyandarua inapita mita 3,500, ukinyeshewa huko juu baridi inaweza kukumaliza. Lakini sweta unayo tayari.

Mau Mau waliishi msitu huo wa Nyandarua miaka, nani aliwauliza fimbo za kutembelea?

Lipeni kiingilio getini, na askari wa kuwasindikiza Ngong kama mko wachache. Huyo wa paketi mnamlipa afanye nini, awapige picha?