Majibu ya kipimo cha malaria yaheshimiwe
Na Nasimiyu Wekesa

Mvua zikishika, mabenchi ya zahanati za Kwanza, hapa Trans Nzoia, hujaa watoto wenye homa. Mzazi ameshaamua ni malaria kabla hajafika, na mara nyingine hata mhudumu anayempokea ameamua hivyo. Hapo ndipo matibabu huanza kuharibika.

Kwa ramani ya Wizara ya Afya, Bungoma imo katika ukanda wa ziwa, ambako malaria haiishi mwaka mzima. Trans Nzoia imo katika nyanda za juu, ambako huja kwa milipuko. Homa ya Kwanza, basi, haitibiki kwa mazoea. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, nimonia inapata siku tatu za kumdhoofisha.

Ndiyo maana tangu 2010 mwongozo wa Kenya unataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka si kigumu: tone la damu kidoleni, matone machache ya majimaji yake, kisha kusubiri dakika 15 hadi 20 mistari ijitokeze. Ugumu uko katika kuyatii majibu. Tafiti za kitaifa za miaka ya mwanzo katika vituo vya umma zilionyesha kwamba wagonjwa wengi wasio na vimelea waliandikiwa dawa vilevile. Hali imeimarika tangu hapo, lakini mazoea hayajafa.

Simlaumu muuguzi aliye peke yake, foleni imefika nje, mzazi anadai dawa na vipimo vimekwisha. Nawalaumu wanaomwacha hivyo ilhali wanajua kinachosaidia.

Mwaka 2011, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walichapisha matokeo ya jaribio katika vituo 107 vya mashambani, Pwani na magharibi mwa Kenya. Kwa miezi sita wahudumu walipokea ujumbe mfupi wa simu ukiwakumbusha namna ya kutibu watoto kwa dawa ya malaria ya AL (artemether-lumefantrine). Matibabu sahihi yaliongezeka kwa takriban pointi 24 za asilimia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma, mafanikio yalikuwa bado yapo.

Bungoma Mashariki na Kiminini nako kulifanyika jaribio, likachapishwa 2018. Wahudumu wa jamii walipima homa vijijini, na aliyekutwa na malaria akapewa vocha ya kununua dawa kwa bei nafuu kwa kemisti. Watu wengi zaidi walipimwa, na dawa ikawafikia zaidi wanaoihitaji. Majirani zetu ndio waliotoa damu na majibu hayo.

Dirishani pa dawa pia pana kazi. Mtoto apimwe uzito. Mwenye kilo 15 hadi 24 humeza vidonge viwili vya AL kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Ya kwanza aimeze mbele ya mhudumu, na akitapika ndani ya nusu saa, apewe tena. Ya pili ni saa nane baadaye, zilizobaki asubuhi na jioni, pamoja na chakula au maziwa. Mama aondoke akiwa ameyarudia maelezo hayo kwa mdomo wake.

Tusichelewe. Mwaka 2021 ilithibitishwa kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, jamii ya dawa iliyomo ndani ya AL, na Uganda ni ng'ambo ya mto Suam tu. Dozi inayotolewa ovyo au kukatizwa njiani huvipa vimelea nafasi ya kuizoea dawa.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Wawakilishi wadi wa Trans Nzoia na Bungoma wadai ripoti kila robo mwaka, kituo kwa kituo: waliopimwa wangapi, waliokutwa na malaria wangapi, waliopewa dawa wangapi, na siku ngapi vipimo vilikosekana. Waliopewa dawa wakiwazidi waliokutwa na malaria, tujue kuna watoto waliotibiwa ugonjwa usio wao, na kaunti ieleze ni kwa nini.