Amonia Iko Hata Kwenye Nyota, Udongo Je?



Sisi wa kidato cha tatu tunasoma habari za naitrojeni na amonia. Harufu ya amonia kila mtu anaijua, ile ya choo cha shimo. Ajabu ni kwamba mwaka wa 1968 Charles Townes na wenzake huko California waligundua gesi hiyo hiyo katika mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota. Baadaye maji yalipatikana huko, na hata pombe! Leo aina za molekuli zinazojulikana angani zimepita 300.

Basi rafiki yangu mmoja akaniambia ati mashamba yakiisha hakuna shida, kwa kuwa mbolea hutokana na amonia, nayo haiwezi kuisha. Mimi nakataa. Mbolea tutaimwaga wapi? Udongo mwekundu wa Kiambu umetokana na mawe ya volkeno yaliyomomonyoka kwa maelfu ya miaka. Hakuna kiwanda kinachoutengeneza.

Mwaka wa 1987/88 Kenya ilitoa karibu tani 130,000 za kahawa. Siku hizi ni kama tani 50,000. Mwaka wa 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, wakulima wakachoka. Sasa mibuni inang'olewa, maploti yanauzwa. Tatu City inajengwa palipokuwa shamba la kahawa.

Hapa Kilimani wengi hulalamikia maghorofa. Hata kwetu jua limezibwa. Lakini kusema kweli, afadhali jumba la ghorofa kumi na tano hapa mjini kuliko nyumba mia moja zitandazwe juu ya mibuni. Watu lazima walale mahali. Mradi tu maji na mabomba ya maji machafu yaongezwe kwanza.

Mtaniuliza, je, mkulima ale nini? Ni kweli, huwezi kumkataza mzee kuuza shamba lisilomlipa. Ndiyo maana nasema alipwe vizuri na kwa wakati. Nayo kaunti isitoe ovyo ruhusa ya kugeuza shamba kuwa mtaa. Sera ya Taifa ya Matumizi ya Ardhi ipo tangu 2017, basi ifuatwe.

Majuto ni mjukuu, wenzangu. Amonia iko hata kwenye nyota. Udongo ukishafunikwa kwa saruji, tutaufuata wapi?