Chama cha Kiswahili Chuoni: Zamu ya Wasiosema

Chama cha Kiswahili katika chuo cha ualimu mara nyingi hujulikana kwa siku zake za sherehe. Akija mgeni rasmi, wanachama hughani mashairi. Ikifika Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, huandaa ngonjera na mdahalo. Mambo hayo ni mema, wala sina nia ya kuyabeza. Lakini tukichunguza tutaona kwamba wanaosimama ni wale wale: mwenye sauti nzuri, aliyezoea midahalo tangu sekondari, na aliyekulia katika nyumba ambamo Kiswahili ndiyo lugha ya kila siku. Waliobaki hupiga makofi. Humaliza mafunzo yao wakiwa hodari wa kupiga makofi, kisha hupelekwa kusimama mbele ya watoto.

Maoni yangu ni kwamba chama cha namna hiyo, hata kikishinda mashindano yote, kimeshindwa kazi yake kuu. Katika chuo kinachoandaa walimu wa shule za msingi, Chama cha Kiswahili kipo kwanza kwa ajili ya yule asiyethubutu kusema. Kipimo chake si ufasaha wa msemaji bora, bali ni idadi ya waliopata kusema.

Jambo hili nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa mlezi wa chama, jioni moja mwanachuo wa mwaka wa kwanza, ambaye Kiswahili alikianza shuleni, alisimama kuchangia mdahalo. Alisema kwamba shule ni "mahari" pa kumlea mtoto. Ukumbi ukacheka. Nami, badala ya kuutuliza, nikadakia: "Mahari ya nani tena, bwana? Kwani umekuja kuoa?" Kicheko kikazidi. Kijana akatabasamu, akaketi, wala hakuimaliza hoja yake. Ilikuwa hoja njema, na mpaka leo sijui ingeishia wapi. Tangu siku ile alihudhuria mikutano yote, akikaa kiti cha nyuma, bila kufungua kinywa.

Muhula uliofuata nilimtembelea katika mazoezi ya kufundisha. Lilikuwa Darasa la Tatu. Mtoto mmoja wa kike, alipoulizwa mama yake hufanya nini jioni, alijibu kwamba hupika chakula cha "kura". Mwalimu yule akaligeukia darasa akasema, "Kumbe kwao hupigwa kura jikoni!" Watoto wakacheka sana. Mtoto akainamisha kichwa, na katika dakika zote zilizobaki sikuuona tena mkono wake. Fomu ya tathmini ilikuwa mapajani mwangu, nayo ilikuwa na nafasi ya maoni ya mkufunzi. Nilikaa nayo kwa muda mrefu bila kuandika neno, maana kosa nililotakiwa kuliandika lilikuwa langu. Kijana alifundisha kama alivyofundishwa.

Yafaa tulitazame jambo hili kwa uzito wake. Katika shule zetu za msingi za umma Kiswahili si somo tu, bali ndiyo lugha ya kufundishia. Mtoto aliyefunzwa kuona haya katika kipindi cha Kiswahili huichukua haya hiyo mpaka katika Hisabati na Sayansi. Asipoelewa hatauliza, na akielewa hatajibu. Mwalimu naye atamwandika kuwa ni mzito wa kuelewa, kumbe ni mtoto aliyenyamazishwa.

Wapo wanaodhani kwamba Kiswahili fasaha ni mali ya wale waliozaliwa nacho, na kwamba wengine ni wageni waalikwa. Historia ya lugha yetu inakataa. Ni kweli kwamba Kiunguja ndicho kilichoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini waliokikuza Kiswahili baada ya hapo walitoka kila upande. Mathias Mnyampala, ambaye jina lake limeshikamana na ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikuwa Mzanaki wa Butiama. Hao nao walijifunza Kiswahili juu ya lugha ya mama. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alieleza kwamba shule zinapaswa kumjengea kijana imani ya kujiona mtu huru, aliye sawa na wenzake, anayewathamini na kuthaminiwa nao. Sioni mahali pazuri zaidi pa kuijaribu imani hiyo kuliko katika chama cha lugha, ambamo kila mtu hujiweka wazi mara tu anapofungua kinywa.

Basi chama kiendeshweje? Nitaeleza tuliyoyafanya baada ya aibu ile.

Kwanza, tuliacha kukutana ukumbini kila wiki. Tuligawanyika katika vikundi vya watu wanane, na ukumbi tukautumia mara moja kwa mwezi. Mtu asiyeweza kusema mbele ya watu mia mbili anaweza kusema mbele ya saba, na akishazoea saba atawazoea ishirini. Uenyekiti na ukatibu wa kila kikundi ulikuwa wa zamu. Kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita ni kazi ndogo, lakini humpa mwoga nafasi ya kusikia sauti yake mwenyewe mbele ya wenzake akiwa ameshika karatasi.

Pili, tulibadili daftari la mahudhurio. Badala ya kuandika nani amekuja, katibu aliandika nani amesema. Katika wiki ya kwanza daftari hilo lilitutia haya, kwa kuwa majina yaliyoandikwa yalikuwa machache mno. Kuanzia hapo mwenyekiti alijua ni nani wa kuulizwa, na wasemaji wa siku zote walijifunza kazi iliyo ngumu kwao, yaani kusikiliza.

Tatu, tuliweka sharti kwamba msemaji hasahihishwi akiwa amesimama. Mlezi na wanachama huandika makosa waliyoyasikia. Mwishoni mwa kikao huchaguliwa matatu tu, na huelezwa bila kumtaja mtu. Kisha wote hufanya mazoezi ya jozi za maneno kama kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu, dhana na zana, thamani na samani. Nasema wote, pamoja na wale wasiokosea, maana kesho wao pia watayafundisha mazoezi hayo kwa watoto.

Nne, tulimtaka kila mwanachama alete ngano au desturi ya kwao, aisimulie kwa Kiswahili. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, na chuo kimoja hukusanya vijana wa mikoa mingi. Msimulizi hukwama akitafuta jina la Kiswahili la chombo cha kukamulia au la mti wa dawa, na wenzake humsaidia kulitafuta. Hapo niliona jambo ambalo sikulitazamia. Mtu hapati kujiamini kwa kusifiwa. Hupata kujiamini anapokuwa na kitu ambacho wenzake wanakihitaji. Aliyechekwa kwa matamshi yake huwa mwalimu wa wote anapoeleza jinsi kwao wanavyohifadhi mtama. Na aliyekulia pwani, mwenye ulimi mwepesi, hutambua kwamba yapo mengi asiyoyajua. Umoja wa kweli wa chuo huanzia hapo, kila mtu anapojifunza kwa mwenzake.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mtu atasema kwamba kuyavumilia makosa ni kulea uzembe, na kwamba mwalimu asiyetofautisha "r" na "l" atawaharibu watoto. Nakubaliana naye kwamba matamshi ni lazima yafundishwe. Ninalokataa ni kuyafundisha kwa kicheko. Mwanafunzi aliyenyamaza hana kosa linalosikika, lakini pia hana lugha inayokua. Mwingine atasema kwamba ratiba imejaa na mitihani i karibu. Namjibu kwamba saa moja kwa wiki haiuvunji mtihani, na kwamba anayeweza kupanga hoja kwa mdomo hupata nafuu pia anapoipanga kwa kalamu.

Wala njia hii si ngeni kwetu. Tazameni mchezo wa vitendawili. Mmoja husema "Kitendawili!" na wengine hujibu "Tega!" Anayeshindwa kukitegua hutoa mji, watu hucheka, naye hucheka pamoja nao, kisha mchezo huendelea akiwamo. Kushindwa kwake hakumtoi barazani. Wazee wetu walijua kwamba mtoto hujifunza lugha pale ambapo kukosea kuna gharama ndogo na zamu nyingine ipo. Chama chetu kiwe baraza la namna hiyo.

Mtauliza habari za kijana yule. Nilimwita, nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya jioni ile, kisha nikamweleza nilichokiona katika Darasa la Tatu. Hakujitetea. Aliniuliza tu kama siku zilizobaki za mazoezi zingetosha kumrudisha mtoto yule. Nilimwambia ajaribu. Kabla ya kumaliza chuo alisimama katika kikundi chake akasimulia ngano ya kwao kwa dakika sita. Alikosea mara mbili au tatu. Hakuna aliyecheka pasipostahili kuchekwa, na ngano ilipofika mwisho wenzake walimtaka aongeze nyingine.

Ninyi mnaojiandaa kuwa walimu, karibuni mtapewa madarasa yenu, na huenda shule mtakayopangiwa haina chama chochote cha lugha. Kianzisheni. Hakihitaji ukumbi wala fedha: kivuli cha mwembe, daftari la waliosema, na saa moja kwa wiki vinatosha. Lakini mkianza, msiwatafute kwanza watoto hodari wa kughani. Mwangalieni aliyekaa nyuma, aliyeinamisha kichwa, mkampe zamu, na atakapoanza kusema mwacheni amalize.