Unene wa Mwamba na Mshazari wa Shimo

Mpishi akatapo muhogo kwa mshazari hupata kipande chenye uso mrefu kuliko kile kilichokatwa kwa kukingama. Muhogo haukunenepa, kilichobadilika ni mwelekeo wa kisu. Hakuna mpishi anayedanganyika kwa jambo hilo. Lakini katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, kanuni hiyo hiyo ikisahauliwa hugharimu fedha nyingi.

Miamba mingi yenye dhahabu katika ukanda huo hailali kama mkeka. Ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, umekaribia kusimama wima. Basi mchimbaji mdogo achimbaye duara la kwenda chini moja kwa moja hukutana na mwamba kwa mshazari. Mathalani, mwamba una unene wa meta 1 na umeinama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi: duara litapita ndani yake kwa meta 2 kamili. Ukiinama nyuzi 75, litapita kwa karibu meta 3.9.

Maabara hayatamwonya. Yatampa gramu za dhahabu kwa kila tani, na kipimo hicho hakiathiriwi na mshazari. Kinachopungua ni tani zenyewe. Aliyedhani kuwa unene ni meta 2 ana nusu tu ya mawe aliyoyahesabu, ilhali mkopo wa pampu na wa magogo ya kuegemeza kuta ulikwisha kuchukuliwa kwa hesabu ya yote.

Makampuni makubwa hutoboa mashimo yaliyoinama ili yaukate mwamba kwa kukingama kadiri iwezekanavyo. Kanuni za Kanada za mwaka 2001, zilizotungwa baada ya kashfa ya Bre-X ya 1997, huyataka pia yataje unene halisi pale unapojulikana. Haielekei kuwa haki mnunuzi wa hisa wa Toronto apewe taarifa bora kuliko mtu anayeteremka duarani kwa kamba. Kila ripoti ya uchorongaji apewayo mchimbaji mdogo ingepasa kutaja urefu uliopimwa, pembe, na unene halisi. Hesabu yenyewe ni ya pembetatu za sekondari. Na pale mwamba uonekanapo, kipimapembe cha shule, uzi na jiwe dogo vyatosha kupimia mwinamo.

Suala la mipaka ya viwanja ni ndugu wa hilo: futikamba ya meta 100 iliyolazwa juu ya mteremko wa nyuzi 20 huwa meta 94 tu katika ramani, na leseni hutolewa kwa ramani.