Rufaa Isiyogusa Kitanzi

Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Uganda ilimtia hatiani Susan Kigula kwa kumuua mumewe. Ushahidi uliomlemea zaidi ulitoka kinywani mwa mtoto mdogo wa marehemu, ambaye usiku wa tukio alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Kigula alikana. Jaji alipokwisha kumwona ana hatia hakubakiwa na la kupima, kwani sheria ilikuwa imemtangulia kusema: anyongwe.

Kila kesi ya mauaji ina maswali mawili. La kwanza, nani aliua? La pili, aliyeua anastahili adhabu gani? Katika mauaji ya wanandoa swali la pili ni zito sana, maana ndani ya nyumba moja hukaa mambo ambayo jirani hayaoni. Yuko mume anayepanga kwa miezi kumuua mkewe ili abaki na shamba. Yuko pia mke aliyepigwa miaka kumi, na siku ya siku akashika mchi. Wote wawili wameua, na hakuna wa kuwasafisha. Lakini ni nani mwenye moyo wa haki atakayesema kwamba makosa yao yana uzito mmoja?

Sheria ya Tanzania inasema hivyo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaagiza kifo kwa anayetiwa hatiani kwa mauaji, isipokuwa mwanamke mjamzito, ambaye hufungwa maisha, na aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Uko mlango wa pembeni, nao ni ghadhabu. Aliyeua kwa kukasirishwa ghafla, kabla damu haijapoa, huhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia, na hapo jaji hupata nafasi ya kupima adhabu. Mlango huo ni mwembamba. Mume aliyefumania akapandwa na hasira papo hapo aweza kupenya. Mke ambaye hasira yake ilijilimbikiza usiku baada ya usiku, akangoja mpigaji alale, hapenyi, kwa sababu uchungu wake haukuwa wa ghafla.

Wengi hudhani kwamba Mahakama ya Rufani itarekebisha. Ni kweli kwamba majaji wa rufani huuchambua ushahidi upya, na wamewaachia huru wengi waliotiwa hatiani bila uthibitisho wa kutosha. Lakini Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, humruhusu aliyehukumiwa kifo kupinga kutiwa hatiani tu. Adhabu iliyopangwa na sheria haikatiwi rufaa. Mrufani akishindwa kuonyesha kwamba hakuua, au kwamba aliua bila kukusudia, majaji watatu wenye busara ya miaka mingi hawana ruhusa hata ya kuuliza kama kifo kinamstahili.

Uganda ilifika hapo, ikakataa kubaki hapo. Kigula na wenzake 417 walifungua shauri la kikatiba, na tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi. Haikufuta adhabu ya kifo, wala haikuharamisha kunyonga. Iliondoa ulazima, ikabatilisha na kifungu kilichozuia rufaa juu ya adhabu ya lazima. Waliokaa zaidi ya miaka mitatu tangu rufaa ya mwisho kuthibitisha adhabu yao waligeuziwa kifungo cha maisha; wengine walirudishwa Mahakama Kuu wakasikilizwe kuhusu adhabu. Kigula alipewa miaka 20 mwaka 2011, akatoka mwaka 2016. Alipokuwa gerezani Luzira alisoma sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha London, akawa anawasaidia wafungwa wenzake kuandaa rufaa zao.

Ndugu wa marehemu watauliza, na wana haki ya kuuliza: damu ya mtu wetu je? Damu hiyo ina thamani, na muuaji lazima aadhibiwe, hata kwa maisha yake yote gerezani. Lakini watazameni watoto. Katika mauaji ya aina hii yatima wa aliyeuawa mara nyingi ndio hao hao wana wa atakayenyongwa. Sheria isiyomruhusu jaji kupima haimruhusu kuwafikiria hata hao.

Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania kuiondoa katika muda wa mwaka mmoja. Miaka miwili kabla yake, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imeutangua ulazima huo katika shauri la Muruatetu. Kazi iliyopo mbele ya Bunge la Tanzania ni vifungu viwili tu: kile kinachomfunga jaji mikono, na kile kinachoizuia rufaa kugusa adhabu. Waheshimiwa wabunge, vifikisheni Dodoma, vijadiliwe, virekebishwe.