Mlima wa tredmili: Ni wewe unayeamua au ni apu?

Kama uko TikTok, 12-3-30 si ngeni kwako. Ni zoezi lililoletwa na Lauren Giraldo wa Marekani mwaka 2019, likavuma mwaka uliofuata: mwinuko wa 12, kasi ya 3, dakika 30 kwenye tredmili. Rahisi kukumbuka, rahisi kuiga.

Siku hizi huhitaji hata kugusa kitufe. Unapanga mazoezi kwenye simu, unaiunganisha na mashine kwa Bluetooth, na mlima unapanda na kushuka wenyewe huku wewe ukipigania pumzi. Ni poa. Lakini kabla hujaikabidhi apu miguu yako, jua ni nani anayeamua.

Anza na hesabu. Ile 3 ni maili kwa saa, yaani kama kilomita 4.8. Ikiwa mashine ya jimu yako inasoma kilomita na umeweka 3, utakuwa unajikokota tu. Na 12 si digrii, ni asilimia: kila mita 100, unapanda kama mita 12. Kwa nusu saa hiyo ni takriban mita 285. Jumba la KICC lina urefu wa mita 105 hivi. Yaani unapanda karibu KICC tatu bila kupumzika! Kwa mtu aliyeanza jimu wiki jana, hiyo ni noma.

Hapo ndipo mwinuko unaojibadilisha unapokufaa, mradi uupange wewe. Dakika tano za kupasha mwili kwenye asilimia 1. Kisha dakika mbili kwenye 4, mbili kwenye 1, urudie mara tano. Malizia na dakika tano za kupoza mwili. Nusu saa imeisha. Wiki zikisonga, ongeza 4 iwe 5, si 12.

Hiyo asilimia 1 pia ina sababu. Utafiti wa Jones na Doust wa mwaka 1996 ulionyesha kuwa kwa wanaokimbia, mwinuko huo hukaribia nguvu unayotumia nje, ambako unasukumana na hewa.

Usipange vipindi vya sekunde 20. Mota huchukua muda kuinua mashine, hivyo mlima utafika kipindi kikikaribia kuisha. Tena si kila mashine hutii simu. Kuna zinazotuma data ya kasi tu lakini hazipokei amri. Jaribu kwanza ukitembea, na ubane ile kamba ya dharura kwenye nguo. Mashine haijui goti lako linauma. Na ukining'inia kwenye vishikio, mlima unaandikwa kwenye skrini lakini mwili haujaupanda.

Halafu kuna suala la pesa. Mwaka 2021, jarida la Wired la Marekani liliripoti kuwa kampuni ya iFIT, inayomiliki NordicTrack, ilikuwa imefunga njia ambayo wateja walitumia kuingia ndani ya mfumo wa mashine zao na kuweka apu nyingine. Mmoja wao alikuwa amelipa takriban dola 4,000. Kampuni ilisema ni kwa ajili ya usalama. Wateja wakauliza: nikishalipa, mashine ni ya nani?

Swali hilo linakuhusu hata kama unalipia jimu kwa siku. Kabla ya kujisajili kwa apu ya ada ya kila mwezi, uliza mambo matatu. Je, inaongea na mashine unayotumia? Unaweza kuandika mpango wako mwenyewe? Ukiacha kulipa, mpango huo unabaki nao?

Jibu likiwa hapana, andika dakika zako kwenye karatasi na ubonyeze kitufe kwa kidole. Mlima ni ule ule.