Sindano Ikiruka, Usiweke Shilingi!

Wiki hii, msomaji mpenzi, twende Wote, Makueni. Huko wapo wazee ambao bado wametunza santuri za benga ya Kikamba, zile za Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo Brothers. Kilonzo alifariki mwaka 1987, na santuri yake ikikwaruzwa leo si rahisi kupata nyingine.

Vijana wakizitoa sandukuni wakati wa likizo, sindano huanza kurukaruka. Basi mtu anabandika sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni. Jamani! Sarafu hiyo ina zaidi ya gramu 5, ilhali sindano nyingi za siku hizi hutaka kama gramu 2 tu. Hapo husikilizi muziki, unalima.

Wala usidhani kwamba wepesi mno ndio salama. Sindano isiyotulia hudundadunda ndani ya mfereji na kuumega kuta zake.

Kwanza hakikisha meza imelala sawa. Fundi mwashi yeyote atakuazima pimamaji. Pangusa vumbi, na la Ukambani mnalijua wenyewe. Sindano isafishe kwa brashi laini, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa kidole.

Sasa uzani. Zima mashine, toa kifuniko cha sindano, na kama kuna kidude cha kuzuia mkono usivutwe ndani, kiweke kwenye 0. Fungua mkono huku umeushika kwa kile kishikio chake kidogo. Zungusha jiwe la nyuma polepole mpaka mkono uelee wenyewe kama mizani isiyo na kitu. Hapo urudishe kwenye kituo chake. Shika jiwe lisigeuke, uzungushe pete yenye namba peke yake ifike 0. Kisha zungusha vyote pamoja hadi gramu alizotaja mtengenezaji wa sindano. Kile kidude nacho kipe namba hiyo hiyo.

Radiogramu nyingi za zamani hazina jiwe la kuzungusha. Uzito wake hushikwa na springi ndani. Hiyo mpelekee fundi, usiichokoe kwa bisibisi.

Bado inaruka mahali pale pale? Jaribu santuri nyingine. Hiyo ikipita salama, kosa si la mkono: ile ya kwanza ina mkwaruzo au uchafu.